Hivi vijana wanaona nini kwenye kuvua bass na vyambo vikubwa kama samaki mzima?

MjombaMnyoo aliandika:

Wakuu habari za leo. Naomba kueleweshwa maana mi nimeshindwa kabisa.

Nina mpwa wangu, ana miaka 19, tunaishi naye huku Marekani. Kuvua nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo, mnyoo wa plastiki, ndoano moja, risasi kidogo, unarusha pembeni ya majani unasubiri mshipi uchezecheze, siku nzuri tunarudi tumeshashika bass kumi hadi kumi na tano (bass samaki jamani, sio basi la abiria), tunapiga picha, tunawarudisha majini, kila mtu na furaha yake. Sasa tangu mwaka jana kaingia kwenye haya mambo ya swimbaiti. Mnazijua? Ni chambo bandia cha inchi nane, tisa, kimechongwa kama trauti mzima (samaki wa maji baridi ambaye bass wakubwa humla), kina magamba, kina macho, kina mapezi, kinapinda katikati kwa bawaba, na chini kinaning'inia ndoano mbili za makucha matatu ambazo mi ningevulia papa. Kimoja kina wakia sita, kama gramu 170 hivi. Wakia sita! Mi chambo changu kizito kabisa ni nusu wakia.

Na kimoja kanunua dola 180. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamuuliza mara mbili.

Shida yangu sio hela, anafanya kazi, hela yake. Shida ni kwamba kijana anaamka saa kumi alfajiri, anarusha hilo gogo kutwa nzima mpaka bega linamuuma, anarudi jioni hajashika HATA MMOJA, alafu anakuja anacheka, ananiambia "mjomba leo ilikuwa siku nzuri sana, nimefuatwa na wawili". Kufuatwa! Samaki kamfuata chambo alafu kaondoka, na hiyo ndo siku nzuri. Wiki tatu mfululizo hajagusa samaki, na bado kila Jumamosi anatoka.

Na sio yeye peke yake, marafiki zake wote wa umri huo ni hivyo hivyo. Kizazi kinachoambiwa hakina subira, video ya dakika moja hawaimalizi, ndo hao hao wamechagua uvuvi wa kukaa mwezi bila samaki. Nielewesheni. Ni fasheni tu au kuna kitu sikioni?

---

GlaidiYaAlfajiri aliandika:

Shikamoo mjomba. Mi nina 23, nipo kwenye huo ugonjwa mwaka wa nne sasa, ngoja nijaribu.

Kwanza hapo kwenye kufuatwa umepita haraka sana, wakati ndo penyewe. Ukivua na mnyoo samaki humuoni, unasikia tu kwenye mshipi tk tk, unakaza, anakuja. Kila kitu kinatokea chini huko gizani. Sasa chukua chambo cha glaidi, kile chenye bawaba moja katikati, kinaogelea futi mbili tatu chini ya maji, we umesimama na miwani inayokata mng'ao wa maji unakiona kinavyokwenda, unazungusha rili nusu mzunguko kinateleza kushoto, nusu tena kinateleza kulia, kama nyoka aliyeshiba. Unakitazama tu. Alafu nyuma yake futi sita hivi kile ulichodhani ni kivuli cha gogo kinaanza kutembea.

Mjomba nakuapia hakuna kitu kama hicho. Unaona kichwa, unaona ule mstari mweusi ubavuni, unaona mdomo, unajua kabisa huyu ni mkubwa kuliko samaki wote niliowahi kushika maishani, na yuko pale anaangalia chambo chako anafikiria. Anakisogelea mpaka pua inakaribia kugusa mkia. Na hapo we ndo unatakiwa uamue, nikazie mwendo? nisimame? nikikate ghafla kigeuke kimtazame? Kwa sababu glaidi ukikipiga mshtuo mara mbili za haraka alafu ukaacha mshipi ulegee, kinageuka nyuzi karibu 180, kinamwangalia yule bass uso kwa uso kama samaki aliyestuka kwamba anafuatwa. Kuna wanaoshindwa kuvumilia hapo wakafungua mdomo. Wengi wanageuka wanaondoka taratibu kama mtu aliyeingia dukani akaona bei.

Mi magoti hunitetemeka dakika nzima baada ya hapo, hata kama hakula. Ndo maana mpwa wako anacheka jioni. Ameona samaki ambao we umepita juu yao miaka kumi bila kujua wapo.

Na kuhusu subira, mi naona mnakosea hesabu. Sio kwamba tunasubiri. Anayesubiri ni yule aliyekaa na mnyoo. Sisi kila mrusho tunafanya kazi, unasoma maji, unaangalia jua limekaa wapi, kivuli kiko upande gani, mwanga ukiwa mkali sana anakiona chambo ni bandia, upepo ukikunja maji kidogo ndo raha. Siku inaisha hujajua imeishaje.

---

KapteniMstaafu aliandika:

Mjomba usidanganywe na maneno matamu. Kuna ukweli mwingine hawa vijana hawausemi, nusu ya mambo haya ni Instagram na YouTube.

Angalia zinavyouzwa. Mtengenezaji anatoa vipande vichache, anatangaza "dropu" Ijumaa saa fulani usiku, vijana wamekaa na simu mkononi kama wanasubiri viatu vya basketi, dakika mbili vimeisha, alafu kesho yake vile vile viko kwenye magrupu vinauzwa bei mara mbili. Vya Kijapani vya mkono, kama vya Roman Made, mtu anaulizia mamia ya dola na anapata mnunuzi. Kuna watu wana vyambo ukutani kama picha za harusi havijawahi kulowa. Hiyo nayo tuite uvuvi?

Alafu video. Jamaa anavua siku 20, anashika mmoja wa pauni tisa, anakuwekea video ya dakika kumi na mbili, kijana anaangalia anadhani ukirusha gogo anakuja simba. Zile siku 19 hukuonyeshwa.

Mi nimevua mashindano ya klabu miaka mingi. Kwenye mashindano ya kawaida unapima samaki watano, unahitaji watano, sio mmoja wa ndoto. Kijana akija na rodi ya futi nane ya swimbaiti peke yake namkaribisha kwa mikono miwili, maana najua mchango wake unaingia mfukoni kwangu.

---

DadaUkingoni aliandika:

Kapteni jamani, hahaha. Ila na hao waliobaki kwenye mashindano yenu siku hizi wanafanya nini? Tangu sona za laivu ziingie, yaani mashine zinazokuonyesha samaki chini ya maji muda huo huo, ile LiveScope ya Garmin ilitoka 2018, nusu ya boti zimesimama katikati ya bwawa, watu wameinamisha vichwa kwenye skrini, wanatikisa kachambo kadogo mbele ya pua ya samaki wanayemuona kama gemu. Na wanaowapiga wakongwe kwenye hilo ni vijana pia, usisahau. Kwa hiyo vijana wako pande zote mbili, tusiwaweke kapu moja.

Mi niseme langu moja tu. Sina boti. Boti ya bass yenye injini na sona ni hela ya gari, na gari zuri. Ila huu uvuvi naufanya nikiwa nimesimama ukingoni, rodi moja, rili moja, vyambo vitatu kwenye mkoba, koleo, basi. Na ukingoni sio kwamba tunaonewa huruma, pale ndo wakubwa wanapowinda, maana bass anambana samaki mdogo kwenye ukuta, kwenye kona, kwenye jiwe, amkoseshe pa kukimbilia. Chambo chako kikitoka maji ya kina kuja ukingoni kinafanana na trauti anayekimbizwa nchi kavu. Aliye kwenye boti anarusha kinyume, kutoka ukingoni kwenda kina.

Kwa mwanafunzi mwenye baiskeli hiyo ni sababu tosha. Hizo dola 180 za mpwa wako mjomba ni nyingi ukilinganisha na mnyoo, ila ukilinganisha na boti hata kofia ya nahodha hununui.

---

Pauni20 aliandika:

Nimesoma mpaka hapa nacheka, maana mnaongea kama hivi vitu vimezaliwa na YouTube. Mi ni mtu mzima, nina wajukuu, na nilianza kurusha vyambo hivi kabla hao vijana hawajazaliwa. Ngoja niwape asili yake kidogo.

Ni California. Mwaka 1959 bass wa Florida, wale wa aina inayokua sana, walipelekwa kwenye mabwawa ya San Diego. Bass hao wakakuta maji mazuri, baridi yao sio kali, wakanenepa. Alafu idara ya samaki ina utaratibu wa kumwaga trauti wa kufugwa kwenye mabwawa majira ya baridi ili watu wavue. Sasa we fikiria, trauti katoka kwenye birika la zege, maisha yake yote kalishwa vidonge, hajawahi kuona adui, ghafla kamwagwa kwenye maji yenye bass mwenye mdomo kama ndoo. Ilikuwa karamu. Gari la trauti likifika pale penye kushushia maboti, bass wakubwa wanalijua. Mwaka 1991 pale Castaic jamaa anaitwa Bob Crupi alimpima mmoja wa pauni 22 na kidogo, na kumbuka rekodi ya dunia ni 22 na wakia 4, ya George Perry wa Georgia, tangu 1932.

Hapo ndo watu wakaanza kuwaza, kama chakula cha huyu mnyama ni trauti wa inchi tisa, mi namrushia mnyoo wa nini? Allan Cole akachonga trauti wa mbao mwenye mkia wa mpira, ule AC Plug, watu wakamcheka. Baadaye kidogo hawakucheka. Wakaja wengine na trauti wa mpira laini wenye mkia wa kupiga, Huddleston na wenzake, ambao ukiwavuta pole pole chini kabisa huwezi kutofautisha na wa kweli mpaka umshike. Na Kapteni, kuhusu mashindano, 2007 Steve Kennedy alishinda pale Clear Lake na swimbaiti, siku nne, samaki ishirini, pauni 122 na wakia 14. Sio kila siku, nakubali. Lakini usiseme haiwezekani.

Wajapani wao ndo walioleta hizi glaidi zilizowapagawisha vijana. Jointed Claw ya Gan Craft, milimita 178, Slide Swimmer ya Deps, milimita 250, yaani sentimita ishirini na tano za plastiki ngumu. Na kwao Japani kuna Ziwa Biwa, ambako Manabu Kurita alishika wa pauni 22 na wakia 4 na nukta, Julai 2009, akalingana na Perry kwa sababu kuvunja rekodi ya uzito huo lazima uzidi kwa wakia mbili.

Ila niwe mkweli, maana vijana hawapendi kuambiwa hili: Kurita alimshika na samaki hai, bluugili, sio chambo bandia. Na yule mkubwa kuliko wote aliyewahi kuwekwa kwenye mizani, wa Dixon Lake 2006, pauni 25 na wakia 1, alinaswa na jigi nyeupe (ndoano yenye kichwa cha risasi), tena ndoano ilimshika nje ya mdomo, jamaa akamwachia na hakupeleka madai ya rekodi. Kwa hiyo swimbaiti haina hati miliki ya samaki mkubwa. Inachofanya ni kuwachuja wadogo. Sio wote lakini, nimewahi kuona bass wa inchi kumi na moja kakivamia chambo cha inchi nane, tamaa tupu.

---

MjombaMnyoo aliandika:

Marahaba kijana, na wewe Pauni20 nashukuru kwa historia, hiyo ya gari la trauti imenichekesha mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini.

Sasa swali. Kama bass anapenda mlo mkubwa hivyo, mbona hawali kila siku? Mpwa wangu bwawa lake lina wakubwa, nimewaona kwa macho wakati wa kutaga.

---

Pauni20 aliandika:

Kwa sababu akishakula mmoja ameshiba, mjomba. Samaki damu yake inafuata joto la maji, kwenye maji baridi kusaga trauti mzima kunamchukua siku kadhaa. Mlo mmoja mkubwa unamlipa kuliko kukimbiza vidagaa mia. Kwa hiyo unatafuta samaki ambaye mlango wake unafunguliwa mara chache sana, na lazima uwe umesimama pale unapofunguliwa. Alfajiri, jioni, mawingu yanapoingia, siku trauti wamemwagwa. Na hao wakubwa karibu wote ni majike, wakati wa kutaga hao uliowaona mawazo yao hayako kwenye chakula kabisa, waache wamalize.

---

RiziniMkononi aliandika:

Kapteni umesema kuna wanaotundika vyambo ukutani. Ni kweli. Ila umesahau wanaovitengeneza, na sisi ndo tunaongezeka kuliko wote.

Mi nilianza kwa sababu sikuwa na hela ya kununua. Ni hivyo tu. Nikachonga samaki wa mbao kwa kisu, nikamkata katikati, nikamtia bawaba za waya, nikampeleka kwenye beseni la kuogea, akapinduka tumbo juu. Nikaongeza risasi tumboni, akazama kama jiwe. Nikapunguza, akaelea ila akawa anaogelea kwa ubavu kama mlevi. Miezi mitatu. Wa kumi na nne ndo aliteleza vizuri, kushoto, kulia, kushoto, nikamwita mama aje aone beseni, mama akasema "haya nimeona samaki wa mbao, toka nikafue".

Siku hizi natumia rizini. Unachonga wa kwanza, unamwagia silikoni unapata kalibu, alafu unamimina rizini ya sehemu mbili iliyochanganywa na unga wa vitufe vidogo vya glasi ili iwe nyepesi. Wengine wanachora kwenye kompyuta wanachapa na printa ya 3D. Rangi tunapuliza na brashi ya hewa, wavu wa jikoni unakuwa ndo stensili ya magamba. Kila kitu ni kuhangaika, na vijana wenzangu wanapenda kuhangaika na vitu, ndo wale wale waliokuwa wanafungua baiskeli wanafunga.

Na kuna elimu humo ndani hakuna darasa lilinifundisha nikaielewa. Mfano, chambo nilikipima majira ya joto kizame pole pole, inchi moja kwa sekunde. Januari nakirusha kinaelea! Nikadhani kimeingia hewa. Kumbe maji yakipoa yanakuwa mazito mpaka yafike nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo chambo kile kile kinabebwa zaidi. Sasa hivi natembea na vipande vya utepe wa risasi, nabandika tumboni mwa chambo kulingana na siku, kidogo mbele kikishusha kichwa, kidogo nyuma kikiinuka. Hata ukibadilisha ndoano ukaweka nene zaidi mwendo unabadilika. Kwa hiyo ukiniona nimeinama ukingoni nusu saa sirushi, sijalala, napima.

Alafu siku unashika samaki kwenye kitu ulichokimimina mwenyewe jikoni... mi wa kwanza alikuwa pauni nne tu. Wenzangu wa swimbaiti wanasema pauni nne sio samaki wa kupigia picha. Nililia.

---

KapteniMstaafu aliandika:

Haya rizini, wewe nakuheshimu, mtu anayechonga chambo chake ni mvuvi hata asiposhika kitu. Maneno yangu yalikuwa kwa wale wa dropu.

Ila kwa mpwa wa mjomba nina la usalama, maana humu wote mnasifia tu hakuna anayesema. Wakia sita ikirushwa ni jiwe lenye makucha. Nimeona kijana anarusha kwa nguvu, kidole gumba kikateleza kwenye rili, mshipi ukajisokota, chambo kikasimama ghafla hewani, mshipi ukakatika pwaa, chambo cha dola mia na kitu kikaenda zake kikatua mita hamsini, kikazama. Alikaa chini kabisa. Na hiyo ni afadhali, kingeweza kumpata mtu. Hakikisheni nyuma hakuna mtu kabla ya kurusha, na rodi iwe imeandikwa uzito huo, rodi ya kawaida inavunjika kama kibiriti. Mshipi wa fluro, ule wa plastiki usioonekana sana majini, wa pauni 20 au 25, au ule wa kusuka wa pauni 65 kwenda juu. Akivulia ule mwembamba wako wa pauni 10 mjomba atakuwa anawagawia samaki mapambo bure.

---

GlaidiYaAlfajiri aliandika:

Kapteni hapo nakuunga mkono asilimia mia. Na koleo ndefu, na mkasi wa kukata ndoano ikikuingia mkononi, mi imeniingia mara mbili. Samaki mkubwa akiruka ruka na makucha sita mdomoni, mkono wako uko karibu, ni hatari. Wengi tunabonyeza meno ya ndoano yalale ili zitoke kirahisi.

Na samaki mwenyewe jamani. Pauni nane ana miaka mingi, kumuinua kwa mdomo peke yake akining'inia ni kumuumiza taya. Mkono mmoja mdomoni, mwingine chini ya tumbo, lowesha mikono kwanza, picha moja, ndani ya maji. Sisi wa swimbaiti tunajuana kwa hilo, ukiweka picha ya samaki amelala kwenye changarawe magrupu yanakuchana mpaka ufute. (Isipokuwa Biwa, kule mkoa wa Shiga sheria ilianza kutumika 2003 kwamba bass ukimshika hurudishi, maana kwao ni mgeni anayemaliza samaki wa asili. Kila maji na sheria yake, someni leseni.)

---

MjombaMnyoo aliandika:

MREJESHO.

Wakuu nimekwenda naye Jumamosi. Niliamua nijionee. Mi na mnyoo wangu, yeye na gogo lake, tumesimama hatua kumi kumi kwenye ukuta wa mawe. Mpaka saa tatu nilikuwa nimeshashika saba, wadogo wadogo, pauni moja, pauni na nusu. Yeye sifuri. Sikusema kitu, ila nilikuwa napiga mluzi.

Kama saa tatu na nusu hivi wingu likafunika jua, nasikia ananiita kwa sauti ya chini, "mjomba, mjomba, njoo, usikanyage kwa nguvu". Nikaenda nimeinama kama mwizi wa kuku. Wakuu. Kile chambo kinakuja kinateleza, na nyuma yake kuna kitu. Mi nimevua miaka thelathini sijawahi kumuona bass mkubwa akiwa hai majini kwa karibu vile, mgongo mpana kama paja la mtoto. Kijana kachuchumaa, hapumui, anazungusha rili kidogo kidogo. Samaki akaja mpaka futi nne kutoka ukingoni, akasimama. Chambo kikageuka. Wakaangaliana. Mi moyo unadunda nausikia masikioni, kweli kabisa, GlaidiYaAlfajiri hukunidanganya.

Samaki akaanza kugeuka aondoke.

Na mi sijui nini kilinipata, rodi yangu ilikuwa mkononi, nikaachia mnyoo ukaanguka mbele yake pale pale, plop. Akaumeza.

Pauni saba na wakia mbili. Mkubwa kuliko wote maishani mwangu. Kijana kanisaidia kumtoa, kampiga picha, kamshika vizuri mikono miwili kama mlivyosema hapo juu, kamrudisha majini. Alafu hajaniongelesha kutoka pale mpaka nyumbani, dakika arobaini ndani ya gari, redio imezimwa. Leo Jumatatu ananiitikia "ndio mjomba" "hapana mjomba" tu.

Nifanyeje?

---

DadaUkingoni aliandika:

Mjombaaaa 😂😂😂 umemchukulia mtoto samaki wake mbele ya macho yake

---

KapteniMstaafu aliandika:

Mnyoo oyee.

---

Pauni20 aliandika:

Mjomba, hiyo uliyoifanya ni mbinu halali na ya zamani, wengi wa swimbaiti wanatembea na rodi ya pili ina mnyoo laini usio na risasi, samaki akifuata akakataa unamdondoshea huo ukizama pole pole. Chambo kikubwa kinamtoa mafichoni, kidogo kinamaliza kazi. Mwambie hivyo. Mwambie nusu ya samaki huyo ni wake, bila gogo lake usingejua kama yupo pale.

---

GlaidiYaAlfajiri aliandika:

Mzee nakuheshimu ila usimwambie hivyo leo. Ngoja wiki ipite. Na Jumamosi ijayo akikuita uje uone, acha rodi kwenye gari.

---

MjombaMnyoo aliandika:

Nilishamwambia ya Pauni20 kabla sijasoma ya kwako. Kanyamaza kidogo, alafu kaniuliza ule mnyoo ulikuwa rangi gani.

Nimekataa kumwambia mpaka anisalimie vizuri.